Bunduki za Zamani katika Nchi ya Arusha na Meru: Majina Yake, Habari Zake na Sababu ya Kupendwa Kwake

Katika nchi ya Arusha na Meru wangali wapo wazee ambao, kwa kuwa walisikia kwa baba zao, waweza kuzitofautisha bunduki ya gumegume, bunduki ya fataki, na bunduki ya viasi. Wajukuu wao huziita zote kwa jina moja, gobori. Neno likipotea, habari ya kitu chenyewe nayo hupotea. Tena habari ya bunduki za kale ni sehemu kubwa ya habari za nchi hii, za furaha na za msiba pia. Kwa hiyo nimeona yafaa kueleza kwa taratibu majina yake, jinsi zilivyofanya kazi, jinsi zilivyofika katika mlima wetu, na kwa nini watu huzipenda hata leo. Mwisho nitasema neno juu ya zile zilizobaki majumbani, maana jambo hilo lina hatari yake.

I. Majina

Neno bunduki ni la Kiarabu. Asili yake ni bunduq, yaani aina ya kokwa. Na Waarabu nao walilipata neno hilo kwa Wayunani, walioiita kokwa hiyo kwa jina la nchi za Ponto. Kabla ya baruti kujulikana, Waarabu walikuwa na pinde za kurushia vidonge vya udongo au vya risasi vilivyofanana na kokwa hizo, wakaviita bunduq. Silaha ya moto ilipokuja, ikarithi jina la kidonge.

Risasi ni jina la madini yenyewe. Wazee wa pwani husema rasasi, kama Waarabu. Baruti pia imetoka kwa Waarabu na Waturuki. Singe, kisu kirefu cha kutiwa mbele ya bunduki, ni neno la Kiajemi lililopitia Bara Hindi. Bastola ni la Kireno. Lakini mzinga ni letu wenyewe. Mtu wa Meru aujua mzinga wa nyuki, gogo lililotobolewa likatundikwa mtini. Basi watu walipoona chuma kikubwa chenye uwazi ndani yake, hawakutafuta jina mbali.

Sehemu za bunduki zina majina mazuri ambayo vijana hawayasikii tena. Bomba la chuma huitwa kasiba, na wengine husema mtutu. Fimbo ya kushindilia ni mdeki. Kitundu kiingizacho moto ni kifa. Kitu kinachofyatuka ni mtambo. Risasi ndogo ndogo za kupigia ndege ni marisau. Kipimo cha baruti kilichofungwa pamoja na risasi yake huitwa kiasi, na hapo ndipo ilipotoka bunduki ya viasi.

Baadhi ya maneno haya yametoka vitani yakaingia katika mazungumzo ya kila siku. Shabaha ni alama ya kulengwa. Sasa ni kusudi la mtu yeyote. Kushindilia kulikuwa kukaza baruti kwa mdeki. Leo twashindilia nguo katika mfuko. Gumegume, kwa kuwa ilikuwa bunduki iliyopitwa na wakati, limekuwa tusi la mtu asiyefaa kitu. Na fataki, kile kikofia kidogo chenye dawa ya moto, tangu matangazo ya redio ya mwaka 2008 nchini Tanzania ni jina la mtu mzima anayewarubuni wasichana wa shule. Bila kujua habari ya bunduki, mtu hawezi kueleza maana ya asili ya maneno haya anayoyatumia kila siku.

II. Bunduki za kushindilia

Bunduki ya kwanza kabisa iliyojulikana pwani ilikuwa ya mrao, yaani ya utambi unaowaka polepole. Mwenye nayo alikuwa lazima achukue moto pamoja naye, na mvua ilimnyang'anya silaha yake. Baadaye ikaja gumegume. Hii hushika jiwe gumu katika mdomo wa mtambo. Mtambo ukifyatuka, jiwe hupiga chuma, cheche huruka katika baruti kidogo iliyo katika kisahani, na moto hupita katika kifa mpaka baruti ya ndani. Kuna kitambo kidogo kati ya cheche na mlio, na katika kitambo hicho mnyama aweza kuruka.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Wazungu waligundua fataki. Mtambo hupiga kikofia, nacho hupeleka moto ndani mara moja, hata wakati wa mvua. Kwa mwindaji ilikuwa neema kubwa. Lakini ilikuwa na upungufu mmoja ulioonekana zaidi barani kuliko Ulaya. Jiwe laweza kuokotwa mtoni, bali fataki hununuliwa dukani. Fataki zikiisha, bunduki ni fimbo. Ndiyo sababu katika nchi za mbali gumegume ilidumu muda mrefu baada ya kuachwa na majeshi ya Ulaya.

Bunduki hizi zote hutiwa baruti na risasi kwa mdomo, mtu akisimama wima. Kasiba yake ni laini ndani, kwa hiyo risasi hutoka ikiyumba, na mtu aliye mbali kupita hatua mia hana haja ya kuogopa sana. Mtu hodari aweza kupiga mara 2 au 3 kwa dakika moja. Katika muda huohuo shujaa mwenye mkuki na ngao aweza kukimbia mbali. Msomaji akikumbuka hesabu hii ataelewa kwa nini kwa miaka mingi morani hawakuziogopa bunduki za misafara.

III. Jinsi zilivyofika

Misafara ya biashara iliyotoka Pangani na pwani ya Tanga ilipanda na mto mpaka Kilimanjaro, na mingine ikapita Arusha kuelekea nchi za Wamaasai. Walitafuta pembe za ndovu, na walileta nguo, shanga, waya na baruti. Wachagga walipata bunduki mapema na kwa wingi kuliko jirani zao: Mangi Rindi wa Moshi na Mangi Sina wa Kibosho walikuwa na askari wenye bunduki. Watu wa Arusha na Meru walitegemea zaidi mkuki, ngao na sime.

Bunduki hizo zilitoka wapi? Kati ya mwaka 1866 na 1871 majeshi ya Ulaya yalibadili silaha zao upesi, kwa kuwa bunduki za kutiwa risasi kwa nyuma zilikuwa zimeshinda vita. Silaha za zamani zikawa mali isiyo na kazi. Wafanyabiashara wakazinunua kwa bei ndogo, wakazipeleka Afrika pamoja na nyingine mpya za bei rahisi zilizofanywa Birmingham katika Uingereza na Liège katika Ubelgiji. Mnamo mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekaa Unguja alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia barani kila mwaka.

Jambo hilo liliwatia hofu wakubwa wa Ulaya. Katika Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, ambao kusudi lake lililotajwa kwanza ni kukomesha biashara ya watumwa, walizuia kuingiza bunduki za viasi na bunduki zenye mifuo katika sehemu kubwa ya Afrika; lakini gumegume za kasiba laini ziliruhusiwa kwa masharti. Msomaji na aliangalie jambo hili vizuri. Tangu siku hiyo Mwafrika aliachiwa silaha ya babu yake Mzungu, naye Mzungu akabaki na silaha mpya. Kwa hiyo gobori kudumu kwetu si kwa sababu watu hawakujua kitu bora. Ilidumu kwa sababu mkataba uliandikwa hivyo.

IV. Mifuo na viasi

Sasa nieleze tofauti yenyewe. Ndani ya kasiba ya bunduki mpya kumechongwa mifuo inayozunguka kama mzabibu uzungukavyo mti. Risasi ikisukumwa hushikwa na mifuo hiyo, hujizungusha, na kitu kinachozunguka hushika njia yake, kama pia ya watoto isivyoanguka maadamu inazunguka. Hii ndiyo bunduki ambayo Waingereza huiita rifle. Tena kiasi chake ni kikopo cha shaba nyeupe au nyekundu chenye fataki, baruti na risasi pamoja, nacho hutiwa kwa nyuma. Mtu aweza kukitia hali amelala chini, amejificha.

Katika mwaka 1871 Waingereza walipokea bunduki ya Martini-Henry, na Wajerumani bunduki ya Mauser iliyoitwa kwa mwaka huohuo. Hiyo Mauser, ambayo kasiba yake ni ya milimita 11, hutia kiasi kimoja kimoja kwa komeo lililo kama komeo la mlango: huinuliwa, huvutwa nyuma, husukumwa mbele, hulazwa. Aina yake fupi kidogo ndiyo iliyopewa askari wa Kiafrika wa jeshi la Wajerumani katika nchi hii.

Watu wa Meru walikutana na silaha hizo katika msiba. Mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri pamoja na baadhi ya watu wao. Kapteni Johannes alikuja na askari wenye bunduki na maelfu ya wapiganaji wa Kichagga. Mashujaa wa Arusha na Meru walipigana kwa mikuki. Nyumba zikachomwa, migomba ikakatwa, na ng'ombe wakachukuliwa. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli wa Moshi alinyongwa pamoja na viongozi wengine, miongoni mwao wa Meru na wa Arusha. Katika miaka hiyohiyo watu walilazimishwa kujenga boma la Arusha. Boma hilo lingali limesimama mjini, na tangu mwaka 1987 ni Makumbusho ya Elimu ya Viumbe. Kuta zake zatuambia yale ambayo kasiba yenye mifuo iliyafanya katika nchi ya mikuki.

V. Bunduki ndefu na bunduki fupi

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille aligundua baruti isiyotoa moshi, na tangu hapo silaha zote zilibadilika. Risasi ikawa nyembamba, ya mwendo mkali, na mpigaji hakuonekana tena kwa wingu lake. Wajerumani wakafanya Mauser ya mwaka 1898, yenye risasi ya milimita 7.92 na viasi 5 katika kisanduku chake. Waingereza walikuwa na Lee-Enfield ya mwaka 1895, ambayo kisanduku chake hushika viasi 10 na komeo lake huenda upesi sana.

Hapo zamani kila jeshi lilikuwa na bunduki mbili. Askari wa miguu alipewa ndefu, ili singe yake imfikie adui na safu ya nyuma isiwachome wa mbele. Mpanda farasi, mpiga mzinga na mhandisi walipewa fupi, ambayo Wazungu huiita karabini, maana bunduki ndefu humpiga farasi ubavuni na kunaswa katika miti. Karabini ni nyepesi na huwahi kuinuliwa. Lakini hupiga kwa kishindo kikubwa, mwali wake ni mkali, na risasi yake hupoteza nguvu mapema zaidi. Mauser ya mwaka 1898 ilikuwa na urefu wa sentimita 125. Karabini yake, karibu 109. Kisha Waingereza wakauliza: Kwa nini tuwe na mbili? Wakafanya Lee-Enfield fupi ya sentimita 113, isiyo ndefu wala karabini, wakawapa wote. Majeshi mengine yakafuata njia hiyo baadaye.

Vita ya mwaka 1914 ilipofika, nchi yetu iliona silaha hizi zote pamoja. Makampuni mengi ya askari wa Kijerumani yalikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871 yenye moshi, na moshi huo uliwaonyesha adui mahali walipo. Mwanzo wa Novemba 1914 Waingereza walishambulia Longido, kaskazini ya Meru, wakarudishwa. Na katika siku hizohizo walishindwa Tanga, wakaacha bunduki mamia, bombomu 16 na risasi 600,000. Basi askari wa Wajerumani wakapigana kwa bunduki za Waingereza. Mwaka 1915 meli iliyopenya vizuizi ilifika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikazama, nayo mizigo yake ikaopolewa. Viasi vilivyolowa maji ya bahari vilifunguliwa kimoja kimoja, baruti ikakaushwa, vikafungwa tena. Kazi hiyo ilifanywa kwa mikono na kwa saburi, nami naona yastahili kukumbukwa kama mapigano yenyewe. Mwezi wa Aprili 1916 jeshi la van Deventer lilitoka Arusha likauzunguka mlima wa Lolkisale. Watu waliokuwa juu walikosa maji, wakajitoa. Hapo kiu ilifanya kazi kuliko bunduki.

Askari wa upande wa Waingereza waliitwa Keya, kwa herufi za K.A.R. za jina la jeshi lao lililoundwa mwaka 1902. Na neno la mwisho la jina hilo, Rifles, ni hiyo bunduki yenye mifuo. Jina hilo lilidumu mpaka baada ya Uhuru wa mwaka 1961, jeshi likiitwa Tanganyika Rifles. Baada ya maasi ya Januari 1964 jeshi hilo lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi. Hapo jina la silaha likaondoka katika jina la jeshi, na jina la watu likaingia mahali pake.

VI. Kwa nini zapendwa

Huenda msomaji akauliza, Kitu kilicholeta machozi hivyo kwa nini kipendwe? Naona sababu tatu.

Kwanza ni ufundi wake. Mauser ya mwaka 1898 ina ukucha mrefu wa chuma ambao hushika kiasi tangu kinapotoka katika kisanduku mpaka kinapotolewa nje. Mtu akitetemeka, akivuta komeo nusu tu, au bunduki ikiwa imeinama, kiasi hakianguki. Mbele ya nyati jambo hilo ni uhai. Kwa hiyo wafua bunduki wa Uingereza, kama Rigby, waliweka mtambo huo katika bunduki kubwa za kuwindia, na mpaka leo viwanda hufanya mitambo ya mfano huohuo. Wawindaji wanaoanzia safari zao Arusha bado huitaja risasi ya .375 ya Holland & Holland, iliyotokea mwaka 1912.

Pili ni jinsi vilivyotengenezwa. Mbao za mjozi, chuma kilichotiwa rangi ya samawati iliyokoza, uzito wa kilo 4 uliogawanyika sawa mkononi: vitu hivi hupendeza kama jembe jema au mundu mzuri upendezavyo mkulima. Mtu aweza kuufungua mtambo mezani akaona kila kipande na kuelewa kazi yake. Mashine za siku hizi hazitupi furaha hiyo mara nyingi.

Tatu ni kumbukumbu. Makaburu waliofika kati ya Meru na Kilimanjaro tangu mwaka 1904 walikuwa watu waliozoea Mauser waliyoipigania kusini. Bibi Margarete Trappe, aliyekaa Momella miaka mingi na kufariki mwaka 1957, alisifiwa kwa shabaha yake. Askari mzee wa Keya alikumbuka namba ya bunduki yake kuliko siku ya kuzaliwa kwake. Na mkulima wa Kimeru, ambaye kwa kawaida hakuruhusiwa kitu zaidi ya gobori, aliithamini hiyo gobori kwa kuwa ililinda mahindi yake na ngedere na nguruwe mwitu.

Lakini kupenda kitu si kukisujudia. Mwezi wa Novemba 1951, Wameru wa Ngarenanyuki walipoondolewa katika nchi yao na nyumba zao zikachomwa, polisi ndio waliokuwa na bunduki. Wameru hawakujibu kwa silaha. Walichanga fedha, wakaandika, wakamtuma Kirilo Japhet, naye mwaka 1952 akasema mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York. Babu zao walikwenda na mkuki mbele ya bunduki wakashindwa. Wajukuu walikwenda na karatasi, na dunia ikawasikiliza, ingawa nchi yao haikurudishwa siku ile. Mtu asomaye habari za bunduki asiache kusoma na habari hiyo.

VII. Iliyobaki nyumbani

Mzee akifariki, mara nyingine huonekana gobori darini, imefungwa katika gunia. Watoto hufanya shauri: Tuitupe? Tuiuze? Tuifiche, maana ni heshima ya baba? Mambo matatu yajulikane.

La kwanza, huenda imeshindiliwa. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haifi kwa miaka mingi. Kwa hiyo asiijaribu mtu, asiivute mtambo, asiiweke karibu na moto wala asimwachie mtoto aichezee. La pili, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 yakataza kuwa na silaha ya moto bila leseni, wala kurithi mali ya baba si leseni. Mtu na aende kwa mwenyekiti wa mtaa na kituo cha polisi, aeleze, nao waje waichukue. Asiibebe mwenyewe njiani. Umoja wa Afrika umeuweka mwezi wa Septemba wa kila mwaka kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, na Tanzania imetangaza msamaha wa namna hiyo zaidi ya mara moja. La tatu, gobori iliyofichwa haikai imefichwa. Huazimwa, kisha huonekana porini mikononi mwa jangili, na jina la marehemu huchafuka.

Wengine husema kwamba kuitoa ni kuipoteza habari ya baba. Mimi nasema habari ya baba haimo katika chuma. Kabla ya kuitoa, familia na ikae pamoja na kuandika: aliipata wapi, kwa ng'ombe wangapi, aliilindia shamba gani, aliitaja kwa jina gani katika Kimeru au Kiarusha, na sehemu zake aliziitaje. Karatasi hiyo yaweza kukaa katika sanduku la nyumba miaka 100 bila kumdhuru mtoto. Sisi walimu nasi tuwaulize wazee maneno hayo mapema, tukayaandike kwa uangalifu. Maana kasiba na mdeki na kifa vyaweza kuonekana katika makumbusho, lakini majina yake yakisahauliwa hakuna fundi atakayeyafua upya.